Cucu Aliyeandikwa Dereva

Barua ya bima ilikuwa fupi. Ilisema ombi la upasuaji wa nyonga limekataliwa kwa sababu mgonjwa alikuwa akiendesha pikipiki bila leseni. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne, na siku alipoletwa ni mimi niliyemwandikisha. Alikuwa na sketi ya kanisani na sweta ya kijani, na alikuwa ameshikilia kibeti chake kwa mikono miwili hata pale juu ya kitanda cha magurudumu. Kama yule alikuwa dereva wa pikipiki, basi mimi ni rubani.

Kazi yangu ni rekodi za wagonjwa, katika hospitali moja ya binafsi mjini Thika. Watu wengi hawajui kwamba kazi hii ipo. Daktari anaandika kwa maneno, sisi tunayageuza maneno yake kuwa msimbo, herufi moja na tarakimu chache, na msimbo huo ndio unaosafiri kwenda kwa bima na kwa serikali. Maneno ya daktari hubaki kwenye faili. Kwa hiyo mbele ya bima mgonjwa ni kile nilichomwandika mimi, basi. Nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka kumi na tano na nilikuwa najivunia kwamba sikosei ovyo.

Nilipanda wodini kumwona. Alikuwa amelala chali, mguu wa kushoto umefungwa kamba na kuvutwa na uzito uliokuwa ukining'inia mwisho wa kitanda. Kila mtu wodini alimwita cucu, yaani nyanya, na yeye alituita sote mwari, yaani binti, hata wale wauguzi wenye wajukuu wao.

"Habari ya asubuhi, cucu."

"Nzuri, mwari. Wamesema ni lini?"

Badala ya kumjibu nilimuuliza siku ile ya ajali alikuwa amekaa wapi.

"Kwa kiti."

"Mbele ama nyuma?"

Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama nimekunywa chai. "Nikae mbele, kwani mimi ndio naendesha? Hata baiskeli sijui. Nilibebwa. Huyo mtu wa boda akapita kwa shimo hapo Kiganjo, mimi nikabaki kwa shimo, yeye akaenda."

"Akaenda kabisa?"

"Na helmeti yake. Sikumwona tena. Watu wa kioski ndio waliniinua."

Kwa hiyo hakukuwa na polisi, hakukuwa na shahidi aliyeandika kitu, na yule aliyembeba alikuwa ametoweka. Kilichokuwepo ni karatasi zetu tu. Daktari aliyempokea alikuwa ameandika maneno mawili, ajali ya pikipiki, maana madaktari huandika kana kwamba wino ni wao wa kununua.

Nikiwa natoka nilikutana na daktari wa mifupa kwenye veranda ya wodi. Nilimwonyesha barua. Hakucheka. Aliniambia mfupa wa nyonga wa mzee haungoji mabishano. Kila siku inayopita kitandani mapafu yanajaa, ngozi ya mgongo inachubuka, misuli inakwisha. "Nikimfanyia wiki hii, atatembea," alisema. "Mwezi ujao siahidi." Bima ile ilikuwa ya familia ya binti yake, mwalimu wa watoto wadogo, na bila bima njia iliyobaki ilikuwa foleni ya hospitali ya umma, ambayo hakuna aliyejua mwisho wake. Basi jambo lilikuwa hilo moja: cucu atatembea au hatatembea.

Nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na hakika kwamba mtu fulani amekosea kuandika, na nilikuwa tayari nimechagua nani wa kumlaumu. Nilifungua faili. Mwandiko ulikuwa wangu. Kwenye karatasi ndogo ya mapokezi nilikuwa nimeandika kwa kalamu yangu ya bluu, "abiria, amebebwa." Chini yake, kwa kalamu ileile, msimbo wa ajali ya pikipiki, tarakimu ya mwisho nne.

Nne. Ndani ya mlango wa kabati letu kumebandikwa kwa selotepu nakala ya ukurasa mmoja wa mwongozo, ule ukurasa wa ajali za barabarani. Mwongozo wenyewe ni kitabu chembamba chenye jalada la bluu, kilichotolewa na kamati ya chama cha hospitali za binafsi za upande wetu, ili sote tuandike kwa namna moja na tusipoteze muda kupekua vitabu vikubwa. Katika ajali za pikipiki, tarakimu ya mwisho ndiyo inayosema ulikuwa nani juu ya ile pikipiki. Kidole changu kilishuka kwenye jedwali. Tatu, dereva. Nne, abiria. Nilikuwa nimefuata kitabu bila kukosea hata nukta.

Vitabu vikubwa, vile vinavyotumika duniani kote, tulikuwa navyo. Vilikuwa chini ya printa, tumeiinua kwavyo ili karatasi zisikwame. Niliinua printa, nikatoa cha juu, nikapangusa vumbi kwa mkono. Pale iliandikwa hivi: tatu, aliyeumia akipanda au akishuka. Nne, dereva. Tano, abiria. Tisa, haijulikani.

Nilihesabu tena kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Safu moja ilikuwa haipo kwenye kitabu chetu, ile ya kupanda au kushuka. Maneno yake yalikuwa yamefutwa lakini tarakimu zimebaki mahali pake, basi maneno yote ya chini yakapanda ngazi moja. Dereva akachukua tarakimu ya mwenye kupanda, abiria akachukua ya dereva, na tisa ikakosa mwenzake ikafutwa.

Na nilijua safu ile ilipotelea wapi. Nilikuwepo. Ilikuwa Kamakis, kwenye ukumbi wa juu wa nyumba moja ya nyama choma, siku tuliyoitwa kuusoma mwongozo kwa mara ya mwisho kabla haujapigwa chapa. Nyama ilichelewa. Kurasa zilikuwa zikipita mkono kwa mkono, kila mtu anasoma wake, anaweka sahihi pembeni, anapitisha. Ukurasa wangu ulikuwa umezidi kidogo, mistari ya mwisho imeangukia ukurasa wa pili, na katibu mwenye kompyuta alikuwa analalamika. Mimi nikasema, kwa sauti, kwa sababu napenda kusikika: nani huumia akipanda boda? Futa hiyo, nafasi itapatikana. Watu walicheka, katibu akafuta, ukurasa ukatosha. Uliletwa tena umechapwa upya wakati sinia zinawekwa mezani. Niliusaini bila kuusoma, nikanawa mikono.

Sikumwambia mtu siku hiyo. Nilichofanya ni kuchukua rejista na kuanza kuangalia nyuma, na kadiri nilivyoangalia ndivyo hasira ilivyonipanda. Tangu kitabu kile kije, hospitali yetu haikuwa imempokea hata mwendesha boda mmoja aliyeumia akiendesha. Wote, kwa mujibu wetu, waliumia wakipanda. Kijana aliyegongwa na lori na kuvunjika mtulinga alikuwa akipanda. Madereva walikuwa wengine kabisa. Mama mjamzito alikuwa dereva. Mhubiri aliyekuwa na mguu kwenye plasta ya tangu awali, na aliyekuwa ameshika magongo yake siku ya ajali, alikuwa dereva. Mtoto wa miezi minane, aliyefungwa kwa leso mgongoni mwa mama yake, alikuwa dereva wa pikipiki kwenye barabara ya umma. Na hayo yote yalikuwa yameshapelekwa juu, yakajumlishwa na ya wenzetu, na huko juu pengine kuna mtu alikuwa akishangaa jinsi watoto wa Thika wanavyoendesha vibaya.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakatoka, halafu nikaona aibu ya kucheka. Cucu alikuwa ghorofa moja juu yangu na mguu wake kwenye kamba.

Bosi wangu ni mama mpole anayependa amani kuliko kitu kingine chochote. Nilimweleza. Alisikiliza, akavua miwani.

"Sasa si ubadilishe tu ya cucu? Weka tano, utume tena, yaishe."

"Na hao wengine, madam?"

"Hao wengine si walishatibiwa wakaenda nyumbani? Hicho kitabu kilizinduliwa na wageni wakubwa, keki ikakatwa. Sisi ni nani?"

Niliweka tano nikatuma. Kesho yake ikarudi. Nilipiga simu kwa bima, nikapata kijana mwenye adabu nyingi, ile adabu inayokufanya utamani kutukanwa.

"Madam, mkibadilisha code baada ya kukataliwa, system inaona kama mnatengeneza story."

"Nina karatasi ya mapokezi imeandikwa abiria."

"Imeandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Sasa unaona."

Nilimweleza habari ya mwongozo. Alisema wao hawatumii kitabu chetu, kompyuta yao inasoma orodha ya dunia. Kama kitabu chetu kina makosa, basi wenye kitabu wakubali hivyo kwa barua, na yeye mwenyewe ataisukuma faili siku hiyohiyo. Bila barua, hapana. Nilitaka kumchukia lakini alikuwa na haki. Ningekuwa kwenye kiti chake ningesema vivyo hivyo, na ningesema kwa ukali zaidi.

Ofisi ya kamati iko Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mimi naishi Gatongora, kwa hiyo haikuwa mbali na njia yangu. Jioni ya Jumanne nilipanda ngazi zile. Nilimkuta katibu, yuleyule wa kompyuta. Nilimwekea kitabu kikubwa mezani, akifungue asome mwenyewe. Hakukigusa. Alifungua droo akanipa fomu.

"Makosa yote tunaandika hapa. Yatajadiliwa tukitoa toleo lijalo."

"Toleo lijalo ni lini?"

"Bado haijapangwa."

"Kuna mtu amelala na mfupa umevunjika anangoja toleo lijalo."

"Pole sana. Lakini procedure ni hiyo."

Nilijaza fomu. Nilidai muhuri juu yake, nikadai na nakala yangu ipigwe muhuri pia. Jumatano jioni nilirudi kuuliza kama imesomwa. Alhamisi nilirudi tena, nikavuta kiti nikaketi mbele yake na kufungua chupa yangu ya uji, nikanywa polepole. Nilitaka anione kila akiinua macho. Aliponichoka alisema mwenyekiti atakuwa Kamakis kesho kwenye mafunzo ya robo mwaka, nikamsumbue huko.

Mwenyekiti huyo alikuwa mwalimu wangu. Ndiye aliyenifundisha kazi hii chuoni nilipokuwa msichana niliyedhani rekodi ni kupanga mafaili tu. Alikuwa akituambia kwamba nyuma ya kila msimbo kuna mtu anayelala kitanda fulani, na kama huwezi kumwona mtu huyo, ukauze nguo. Nilimheshimu kuliko ndugu wengi wa damu. Usiku ule sikulala vizuri, na sitasingizia kwamba ni kwa ajili ya cucu peke yake. Cheti changu cha kazi hutolewa upya kila mwaka na watu walewale wanaomsikiliza yeye.

Asubuhi ya Ijumaa nilipitia wodini kabla ya kuondoka. Muuguzi alikuwa anamgeuza cucu. Mgongoni, chini ya kiuno, ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu, mahali pa ukubwa wa sahani ya chai. Cucu aliguna tu. Alipotulia kwenye mto aliniuliza swali lile la kila siku, wamesema ni lini, na mimi nikamwambia ukweli wote. Nilimwambia aliandikwa dereva, kwamba kitabu kimekosea, na kwamba aliyekikosesha ni mimi, kwa maneno ya mdomo, nikingoja nyama.

Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Na nyama ilikuwa nzuri?"

"Sikumbuki, cucu."

"Basi enda ukatengeneze."

Ukumbi ulikuwa uleule. Tulikuwa watu wa rekodi wa hospitali na kliniki nyingi, wa Thika, Juja, Ruiru, tumevalia beji, vitabu vya bluu mezani. Wakati wa chai nilimfuata Mwalimu pembeni, karibu na dirisha. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwonyesha kurasa mbili kwa pamoja, wa kitabu cha dunia na wa chetu. Hakuhitaji hata dakika moja. Uso wake ulibadilika na nikajua ameona.

"Ndio," alisema taratibu. "Ndio, hii imeteleza."

"Mwalimu, naomba barua leo."

"Binti yangu, mambo ya kitabu hayaendi hivyo. Tukitoa barua leo, kila bima italeta faili zote za nyuma. Hospitali zitatulaumu. Tutarekebisha pole pole, bila kelele." Kisha akaweka kikombe chini. "Na ukumbuke kurasa zote zenye sahihi ninazo kwa faili. Ukurasa huu ukifunguliwa, jina lililo pembeni ni lako. Mimi nakulinda."

Sikuwahi kumwona akisema jambo la namna hiyo, na sidhani alijiona mwenyewe. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba maneno yake ya mtu na kitanda chake, na sasa mtu mwenyewe alikuwepo, kitanda kinajulikana, na yeye ananipa kinga ambayo sikuiomba.

"Sitaki kulindwa, Mwalimu," nilimwambia. "Nataka barua."

Alitabasamu, akaniambia tutaongea, akarudi mbele.

Kikao kiliendelea. Ilipokaribia saa saba, harufu ya nyama ilianza kupanda kutoka chini, watu wakaanza kukusanya kalamu. Katibu alikuwa karibu kusimama kutangaza chakula. Nilisimama kabla yake, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nilikuwa mlangoni.

"Nawaomba dakika tano," nilisema. "Mara ya mwisho tulisoma kitabu hiki tukingoja nyama. Leo nyama itungoje sisi."

Kuna waliocheka. Nilisema fungueni ukurasa wa ajali za pikipiki. Niliwasomea jedwali letu, halafu nikawasomea la dunia, polepole, tarakimu kwa tarakimu. Niliwauliza nani kati yao ana mtoto mchanga kwenye rejista aliyeandikwa nne. Mama mmoja wa kliniki ya Juja, ambaye sikuwa namfahamu, alifungua simu yake akapekua, akasema, "Mimi niko na wawili. Na mtawa mmoja." Ukumbi uliangua kicheko. Mwingine nyuma akasema yeye ana kipofu. Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikapungua chenyewe, kama wote walikuwa wameanza kuona nyuso za watu wao.

"Mimi niko na mmoja aliyekataliwa operesheni," niliwaambia. "Amelala wodini sasa hivi. Mgongo umeanza kuchubuka leo asubuhi."

Hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu alinyanyuka, akasema kwa sauti yake ya darasani kwamba makosa madogo ya uchapaji hutokea na kwamba kamati ina utaratibu.

"Si ya uchapaji," nilisema. "Mchapaji alichapa alichopewa. Ni mimi niliyesema hiyo safu ifutwe. Hapa hapa, kwa meza ile pale. Sahihi yangu iko pembeni mwa ukurasa na Mwalimu anayo kwa faili. Nilisaini bila kusoma. Na nyinyi wote mmekuwa mkiandika makosa yangu kwa kalamu zenu."

Nilikuwa na hofu, na nilijua wanaiona. Sikujali. Kuna aina ya hofu ambayo ukishaifikia mwisho wake unakuta hakuna kitu zaidi huko, ni ukuta tu, na unaweza kuegemea.

Yule mama wa Juja ndiye aliyekaa kwanza. Alikuwa amesimama aende kunawa mikono, akavuta kiti akaketi tena, akafungua kitabu chake. Mwenzake akaketi. Nyama ililetwa juu na wahudumu wakarudishwa nayo. Mwalimu alitazama ukumbi uliokuwa umeketi, akanitazama mimi pale mlangoni, na nadhani kwa kitambo kidogo alikuwa tena yule mtu wa chuoni. Aliomba karatasi.

Barua tuliiandika pale mbele ya watu. Alianza na "kosa dogo", nikamwambia toa dogo. Alitoa. Aliandika kwamba baadhi ya safu zilisogea, nikamwambia aandike kilichotokea kwa watu, kwamba abiria wameandikwa madereva na madereva wameandikwa wapandaji, tangu kitabu kitoke. Aliandika. Mwishoni aliweka sahihi yake, akanisogezea kalamu. Nami niliandika majina yangu yote matatu, kwa herufi za kusomeka, na kazi yangu, na maneno "aliyepitisha ukurasa". Safari hii nilikuwa nimesoma kila mstari.

Yule kijana wa bima alitimiza neno lake. Idhini iliingia Jumatatu kabla ya saa nne, na Jumanne cucu aliingizwa chumba cha upasuaji. Lakini siku zile hazikurudi. Kidonda cha mgongoni kilimkalisha wodini majuma mengine, misuli ilikuwa imelegea, na daktari alisema angeondoka bila kifaa cha kutembelea kama tungewahi. Aliondoka na kile kifaa cha chuma cha miguu minne, na hadi leo anakitumia. Nimeliweka jambo hilo mahali ninapoliona. Sijasamehe kitabu na sijajisamehe mimi.

Nililetewa barua ya onyo na kamati, kwa kuvuruga mafunzo. Niliitia kwenye plastiki nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, palepale ulipokuwa ukurasa ule. Bosi wangu aliniomba niitoe, wageni wakija wasiione. Nilimwambia wageni ndio nawabandikia. Toleo jipya lilipotoka safu ilikuwa imerudi mahali pake na jina langu lilikuwa limeondolewa kwenye orodha ya wanaoshukuriwa, jambo ambalo pia lilikuwa sahihisho. Zile nakala za toleo la zamani nilizokutana nazo, kliniki moja hadi nyingine, nilizibandika kijikaratasi cha jedwali sahihi mwenyewe, kwa mkasi na gundi, na pasipo kumwomba mtu ruhusa.

Na nimeanzisha tabia moja ambayo hakuna kitabu kilichoniagiza. Mgonjwa wa ajali akifika dirishani kwangu, au ndugu yake kama hawezi, namsomea jedwali kwa sauti, anachagua mwenyewe alikuwa nani, anaweka sahihi pembeni ya safu yake. Inachelewesha foleni. Wanaonilalamikia nawasikiliza, halafu naita anayefuata.

Juzi cucu alikuja kliniki ya mifupa kuangaliwa. Nilisikia kile kifaa chake kikigonga sakafu kabla sijamwona. Sweta ilikuwa ileile ya kijani. Nje ya geti, mwenye boda alikuwa akigeuza pikipiki yake aondoke.

"Cucu. Umekuja na pikipiki? Kweli?"

"Sasa wewe ulitaka nitembee kutoka Kiganjo?" Aliegemeza kifaa kwenye ukuta wa dirisha langu, akapumua. "Nilikaa nyuma. Nikamwambia aende pole pole, na akaenda. Hebu nisomee hiyo karatasi yako."

"Lakini leo hujaumia, cucu."

"Nisomee tu. Nataka kujua niko wapi."

Nilimsomea. Tatu, aliyeumia akipanda au akishuka. Nne, dereva. Tano, abiria. Alininyamazisha kwa mkono kabla sijafika tisa.

"Hiyo ya kwanza. Hiyo ndiyo ulitoa?"

"Ndiyo hiyo."

Alitazama nyuma, pale getini, ambapo kati ya barabara na ngazi yetu kuna mtaro mdogo uliovunjika kingo. Kisha akanitazama mimi.

"Usiitoe tena," alisema. "Huyo wa boda amenishikilia kwa mkono, ndio sijaanguka hapo nikishuka."